Wimbo Tulioutoa Kitabuni

Natangaza kwa heshima zote: leo nimesoma hadharani kitabu cha kwanza ninachochapisha, hapa mtaani kwetu Hai Cinema!

Hadhara ilikuwa shangazi yangu, mwenye hadithi zilizomo kitabuni, na majirani wawili.

Nilitaka ruhusa yake kabla hakijachapwa Kampala.

Ukurasa wa kwanza tu, akanikatiza.

"Ya weledi, mwanangu, wimbo uko wapi?"

"Tuliutoa, Shangazi. Unajirudia sana."

"Sasa watu wataitikia nini? Wakae kimya kama wako hospitali?"

Akaimba. Majirani wakaitikia.

Ukweli wenyewe: sikufika ukurasa wa pili. Mswada ulikuwa umefungwa mapajani, nami naitikia.

Nimempigia simu mpiga chapa: asubiri, wimbo unarudi wote.

Na ruhusa? Shangazi amesema nirudi kesho, nimwimbie mwenyewe kwanza.

Jamani, mnaijua sauti yangu. Niombeeni.