Gauni la Kompyuta

Kompyuta yetu ilikuwa ya mezani, ya mtumba, nzito kama gunia la mkaa. Mume wangu aliinunua kwa ajili ya masomo yake, lakini mwenye roho juu kwa sababu yake nilikuwa mimi. Tuliishi ughaibuni, Etterbeek, ghorofa ya tatu, chumba na sebule. Mtoto wetu wa miaka mitano alikuwa Morogoro kwa mama yangu, maana viza yangu ilitoka na yake haikutoka. Nikaambiwa nisubiri. Kumfuata nisingeweza, kwa kuwa karatasi zangu nazo zilikuwa hazijakamilika, na ningetoka nisingeruhusiwa kuingia tena. Kazi sikuruhusiwa. Kifaransa sikukijua. Ufunguo wa mlango nilikuwa nao mfukoni, na bado nilikuwa nimefungiwa.

Siku yangu ilikuwa Jumamosi. Mdogo wangu alikuwa akimpeleka mtoto kwenye duka la intaneti karibu na stendi, akamkalisha mbele ya kamera, nami nikamwona akila, akijikuna, akinisengenyea bibi yake. Siku nyingine zote za wiki nilikuwa naingoja hiyo moja.

Baridi ilipoingia, na hita ya ukutani ikawashwa, kompyuta ikaanza kuganda. Picha inasimama, kipanya hakisogei, sauti inakatikia katikati ya neno. Ukiizima kwa nguvu na kuiwasha, inakuletea kioo cheusi na maandishi meupe ya Kifaransa, inajikagua polepole mpaka inakwama tena. Nilikaa mbele ya maandishi yale nikiyatukana kwa Kiswahili. Na kule Morogoro mtoto alibaki akitazama sura yangu imesimama, mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu.

"Dada, leo amelia sana," mdogo wangu akanipigia simu. "Anasema mama amekuwa picha."

Jumamosi iliyofuata mtoto alikataa kukaa kwenye kile kiti. Niliona kiti kitupu, na nyuma yake mtu nisiyemjua akisoma barua pepe zake. Nikaogopa. Mtoto wa umri ule akikuzoea kama picha, amekwisha kukusahau.

Mume wangu alikuwa na swali moja tu: "Umebonyeza nini?" Kana kwamba nilikaa kutwa nzima nikitafuta kitufe cha kumharibia digrii. Akasafisha virusi, akafuta kila kitu, akaanza upya, akaenda zake maktaba. Ikaganda vilevile.

Ndipo tukamwita fundi, mzee wa Lubumbashi aliyekaa Anderlecht, ambaye kila mtu alimwita tonton, yaani mjomba. Aliibeba kwenda nayo kwake, akairudisha baada ya siku chache, akaiunganisha, akanywa chai huku ikifanya kazi bila kasoro.

"Bon, maman," akasema, "kwangu ilitumika muzuri, haikusimama hata kidogo. Donc shida haiko ku ordinateur. Iko ku nyumba yenu."

Akacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa karibu kumwamini. Hata mimi mwenyewe nilifika nyumba ile nikiwa mzima.

Alipoondoka, nikaivalisha tena. Lazima niseme kwamba uzi niliununua kwenye maduka ya Chaussée d'Ixelles, na katika zile alasiri ndefu nilikuwa nimefuma vitambaa vya televisheni, vya makochi, vya simu. Kompyuta niliifumia viwili: kimoja cha kioo, na kingine cha lile boksi la chini, gauni zima jeupe lenye pindo la bluu. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Cha kioo nilikitoa nikitaka kuzungumza. Boksi, lililokaa pembeni ya hita, sikuona sababu ya kulivua.

Jumamosi mtoto akakubali kukaa, kwa kuhongwa biskuti. Akaanza kuninyanyulia goti anionyeshe kidonda. Goti likagandia hewani.

Hasira zikanipanda. Nikainama nikalizaba boksi kofi, na mkono ukabaki pale pale. Kitambaa kilikuwa cha moto kama kile ninachofungia chapati. Mwanamke mzima, kila siku nafunga chapati zisipoe, halafu nashangaa.

Nikalivua. Matundu ya kupitishia hewa yalikuwa yamejaa vumbi la uzi. Nikalisogeza mbali na hita, nikalipepea kwa gazeti, nikaliwasha tena. Tuliongea mpaka mwenye duka akawafukuza afunge. Gauni nikalitupia kabatini, na boksi likakaa uchi mbele ya wageni.

Lakini mtoto hakuniamini tena. Nikitulia kidogo nimsikilize, anakatisha hadithi yake.

"Mama, tikisa kichwa."

Natikisa, ndipo anaendelea. Ikawa hivyo kila Jumamosi, mpaka alipoanza shule, mpaka karatasi zake zilipotoka.

Alifika uwanja wa ndege wa Zaventem ameshikwa mkono na mhudumu wa ndege, koti limemfika magotini. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Nikapiga magoti, nikafungua mikono. Sikuweza kusema wala kusogea. Akasimama mbali kidogo nami, akanitazama usoni, hasogei.

"Mama," akasema, "tikisa kichwa."