Hospitali Asikofia Mtu

Athuman alisifika mjini Dodoma kwa jambo moja: mgonjwa aliyepanda gari lake hakuumia njiani. Miaka ile barabara zilikuwa na mashimo ya kumeza mbuzi, lakini Mrangi huyu wa Haubi, kutoka milima ya Kondoa, aliiendesha Landrova ya hospitali ya serikali kama mtu aliyejitwisha ndoo ya maji pomoni. Wauguzi wakambandika jina, Taratibu, na likamkaa.

Kisha ukaja mwaka ambao Landrova ilipandishwa juu ya mawe. Tairi zilikwisha, nyingine hazikuletwa. Athuman aliendelea kuripoti kazini kila asubuhi, akaifuta vumbi, akakaa kivulini kuitazama. Wagonjwa walianza kuletwa kwa mikokoteni na baiskeli. Ndani ya wodi mambo yalikuwa vivyo hivyo: mama mjamzito aliambiwa aje na glavu zake na wembe wake, na haukupita muda ikatangazwa kwamba matibabu si bure tena, kila mtu achangie. Wazee waliozoea kutibiwa bila kutoa kitu walisimama dirishani wakiuliza mara mbilimbili, wakidhani wamesikia vibaya.

Hizo zilikuwa zama za ruksa. Maduka yalijaa sabuni, mabasi ya watu binafsi yalipishana stendi, na madaktari nao wakaruhusiwa kufungua hospitali zao. Mmoja wao alikuwa Daktari Ludovick, mtu mrefu, mpole wa kauli, aliyesomea Hungaria na kufanya kazi miaka mingi migodini Zambia. Alikodi jumba la ghorofa moja njia ya Msalato, akalipaka rangi nyeupe, akaweka vitanda vyenye shuka safi na jenereta nyuma. Siku moja alimkuta Athuman pale kivulini.

"Dereva kama wewe unalinda mawe?" akamwuliza. "Nina Haiesi mpya. Njoo tufanye kazi."

Athuman akaenda. Nani asingekwenda?

Mwanzoni aliona fahari. Gari lilikuwa na mapazia na machela ya magurudumu. Daktari alipenda kukaa naye mbele, na njiani alizungumza kama mwalimu aliyekosa wanafunzi.

"Athuman, kule Hungaria nilipougua nililazwa bure, mimi mgeni. Uingereza nako hivyo hivyo: tajiri na fukara foleni moja, serikali inalipa kwa kodi zao. Marekani ni habari nyingine. Hospitali zao kama peponi, lakini mlangoni wanakuuliza kwanza bima yako iko wapi. Zambia mchimbaji alitibiwa na mgodi, na mkewe, na watoto. Shaba ilipoanguka bei, wakaanguka wote."

"Na sisi, daktari?"

"Sisi tuliiga Uingereza bila kodi ya Waingereza. Sasa tunaiga Marekani bila bima ya Wamarekani." Akacheka kidogo. "Katikati hapo, mtu mwerevu ajiangalie."

Athuman naye akacheka, kwa adabu. Baadaye alijiuliza alicheka nini.

Sifa za hospitali ile zilienea haraka kuliko moto wa kiangazi. Kwenye misiba, sokoni, barazani, watu walisema neno moja: kwa Ludovick hafi mtu. Na kweli, hakuna aliyewahi kuona jeneza likiingia lango lile. Watu waliuza ng'ombe wakaleta wagonjwa wao kutoka Manyoni, kutoka Kongwa, kutoka Kondoa.

Mgonjwa wa kwanza kutolewa alikuwa bibi mmoja wa Kigogo aliyepasuliwa tumbo. Alasiri moja Athuman aliitwa alete gari mlango wa nyuma. Bibi yule alikuwa anahema kwa shida, midomo mikavu, macho yamepanda juu. Dripu ilikuwa imekwisha kung'olewa.

"Mpeleke serikalini," daktari akamwambia kwa sauti ile ile ya upole. "Kule wana damu, sisi hatuna. Wakikuuliza, sema ametoka nyumbani. Ukisema ametoka hapa, wivu utawafanya wasimguse."

Maneno yaliingia akilini. Athuman alijua wivu uliokuwapo. Akampeleka, akamweka kwenye benchi la mapokezi pamoja na mwanawe aliyekuwa analia, akasema ametoka nyumbani. Asubuhi alisikia amefariki. Akasema inna lillahi, akaosha gari.

Akaja mwingine, na mwingine tena. Kijana wa ngiri, mama wa uzazi, mzee wa kibofu. Wote walipitia mlango wa nyuma, wote dripu imeng'olewa, wote wametoka nyumbani. Athuman alianza kuisikia sauti ya daktari kabla haijaita. Wauguzi wenzake walipishana naye koridoni wakitazama sakafu. Yeye naye hakuuliza, kwa sababu aliyeuliza angejibiwa, na jibu lenyewe alikuwa nalo tayari.

Ndipo akaja Mwantum.

Mwantum alikuwa dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alifika na mumewe Hashimu kwa basi la Kondoa, tumbo limevimba kama la mimba ya miezi saba.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimekuja kwenu mniondoe huu uvimbe."

Athuman akamvuta kando. "Dada, twende Mvumi kwa wamisheni. Au serikalini. Nitakununulia glavu, nyuzi, kila kitu."

Hashimu ndiye aliyejibu, kwa hasira. "Shemeji, wewe unafanya kazi mahali asikofia mtu, halafu dada yako unataka kumpeleka akalale wawili kitanda kimoja? Unatuonea aibu sisi watu wa shamba?"

Ilimpasa aseme. Angemwambia dada yake kwamba yeye ndiye aliyewabeba wale waliokufa? Alisema tu, "Basi subirini kidogo," na wao hawakusubiri. Daktari alimpokea Mwantum kwa heshima zote, akamwita dada, akampasua kesho yake.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Athuman alikuwa ametoka msikitini, kofia bado kichwani, aliposikia: "Athuman! Lete gari, mlango wa nyuma."

Mwantum alikuwa juu ya machela, jasho linamtoka, tumbo gumu kama ubao, harufu mbaya inatoka kwenye bandeji. Alimtambua mdogo wake akamshika mkono. Daktari alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakumtazama usoni.

"Unajua la kusema," akasema.

Siku hiyo Taratibu alikimbia. Gari liliruka mashimo, Hashimu akishikilia machela nyuma na kuita jina la mkewe. Pale mapokezi Athuman hakumweka mtu kwenye benchi. Aliingia hadi ndani, akamshika mkono sista Priska, muuguzi mkuu aliyemjua tangu siku za Landrova.

"Sista, huyu ni dada yangu. Amepasuliwa kwa Ludovick juzi Jumatano, mfuko wa uzazi. Tumbo limeoza. Hajatoka nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyetoka nyumbani."

Priska aliinua ukingo wa bandeji. "Wale wote?"

"Wote."

"Tulikuwa tunahangaika kutafuta ugonjwa," Priska akasema polepole, "huku kidonda kimefunikwa na khanga. Ungefungua mdomo, Athuman." Kisha akageuka na kupiga kelele aitwe daktari wa zamu.

Walimrudisha Mwantum kwenye chumba cha upasuaji jioni ile ile, kwa taa zilizofifia, kwa nyuzi alizonunua Hashimu duka la mbele ya lango. Walitoa usaha na kipande cha shashi kilichosahauliwa ndani. Akaishi. Alikonda hadi khanga ikamzunguka mara mbili, lakini akaishi.

Priska alipeleka habari kwa wakubwa. Wakaguzi wakaenda njia ya Msalato, wakakuta shuka nyeupe, sakafu inang'aa, dawa zimepangwa. Walikunywa chai. Hospitali ilipewa onyo na wiki iliyofuata ikawa na dereva mwingine.

Mwantum aliporuhusiwa, alipumzika chumbani kwa Athuman. Hapo ndipo Daktari Ludovick alipokuja mwenyewe, mchana kweupe, na mfuko wa machungwa. Akabisha hodi, akavua viatu, akamwuliza Mwantum hali.

"Naendelea," Mwantum akajibu, akajivutia shuka hadi shingoni.

"Nimefurahi sana. Ukipata shida yoyote, njoo. Faili lako ninalo." Akamgeukia Athuman akitabasamu. "Na wewe, ndugu yangu, usijichoshe kuzungumza. Watu watauliza nani alikuwa anaendesha."

Alipoondoka hakuna aliyegusa machungwa. Athuman alifunga mizigo siku hiyo hiyo, na asubuhi wakapanda basi la Kondoa, wote watatu.

Haubi walipokelewa kwa uji wa ulezi na nyumba iliyojaa watu. Athuman aliwaeleza yote, bila kujificha: mlango wa nyuma, dripu, benchi, maneno aliyofundishwa. Walimsikiliza hadi mwisho. Wengine walitikisa vichwa. Shangazi yao Jaha, ambaye goita shingoni mwake lilikuwa limefika ukubwa wa embe, alikaa akifikiri, halafu akasogeza kigoda karibu naye.

"Pole mwanangu, umeona mengi," akasema. "Lakini huyo daktari si mnajuana? Ukimwomba wewe mwenyewe, kwa uzuri, hatanipokea? Maana juzi nilikwenda serikalini. Hata sindano hawakuwa nayo."

Watu wote chumbani wakamgeukia Athuman, wakisubiri amjibu.