Fomu Niliyomjazia Mama Noi

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, nimeificha miaka mingi, na nisingeifukua kama usingekuja jana dukani kwangu na mama yako. Ulimkalisha kwenye kiti cha nyuma karibu na mlango, ukaja mbele na fomu zake za kurudi Burundi, na kila nilichomuuliza yeye ulinijibu wewe. Jina wewe, mwaka wa kuzaliwa wewe, hata maumivu ya magoti yake ulinieleza wewe. Mama wa watu ametulia na kibegi chake mapajani, anatazama magari yanavyopita Jules Street. Sikukukemea, maana ningekukemea kwa mdomo gani? Nilisema mashine imeharibika, mrudi keshokutwa. Mashine ilikuwa nzima kabisa, ila nilihitaji siku moja ya kujipa moyo nikwambie haya.

Mnaniita mzee hapa Malvern kwa ajili ya hizi mvi na miwani, nami naitikia, maana limeshakuwa jina. Lakini mwaka ule uliofuata Kombe la Dunia lililochezwa hapa nilikuwa na miaka thelathini, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, na kichwa kikubwa kuliko kofia. Nilikuwa na meza na mashine ya kutoa kopi ndani ya duka la fundi cherehani mmoja Mkongo, nikijaza fomu za watu. Walikuja Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania wenzangu. Kanuni yangu ilikuwa moja: kama huna karatasi ya kitu, usikiandike. Una mke wa ndoa ya kimila, hamna cheti? Usimwandike. Unalea mtoto wa marehemu kaka yako? Usimwandike, watakudai cheti, utarudishwa mwisho wa foleni. Sisi wageni tulijifunza hayo kwa kusimama kwenye foleni tangu alfajiri, na sikatai kwamba kanuni ile iliwavusha wengi. Nilikuwa nikigonga meza kwa kalamu na kuwaambia, "Hapa Joburg karatasi ndiyo mtu."

Sasa nikwambie Mama Noi ni nani, kwa sababu watu walikuwa wakituona njiani pamoja na kugeuza shingo. Mimi ni mtu wa Tunduru, kusini ya Tanzania. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa sijaanza shule. Biashara ya vito ilipolipuka kwetu, wanunuzi wa Kithai walijaa mjini, na Mama Noi, Noi likiwa jina lake mwenyewe, alikuja nao kama mpishi wao. Baba yangu alikuwa dalali wa vito, akizoea kula kwao. Wanunuzi walipofunga virago, yule mpishi hakuondoka nao. Akaolewa na baba, akajifunza Kiswahili sokoni, akanilea. Miaka michache baadaye baba alituleta Johannesburg kutafuta wanunuzi wapya, na ni hapa hapa alipofia. Tukabaki wawili kwenye nyumba ya vyumba viwili, mimi na yule mama wa Kithai, kila mmoja hana mwingine.

Baridi ya Juni mwaka ule ilimwingia mifupani. Alivaa sweta mbili na blanketi juu yake, na bado alitetemeka. Dada yake mdogo, aliyebaki Chanthaburi kwao, alimpigia simu akamwambia nyumba ya wazazi ipo, chumba kipo, arudi wazeeke pamoja. Mama Noi alikuja mezani kwangu nyumbani, akasema, "Hamisi baba, mimi nataka kwenda kwetu. Wewe unajua karatasi. Nisaidie."

Akaniletea vile vyombo vyake vya bati vinavyopandana, vya kubebea chakula, vitatu na mshikio mmoja. Tangu nimjue hakuwahi kubebea chakula humo, alihifadhia karatasi. Alifungua cha juu, ikatoka pasipoti iliyokwisha muda wake zamani, kitambulisho chao, na kopi ya daftari la wakaazi wa nyumba ya wazazi wake. Nikasema vizuri. Akafungua cha kati, vikatoka cheti cha ndoa na cha kifo cha baba. Nikasema vizuri. Alipoweka mkono kwenye cha chini nilimzuia.

"Inatosha, mama."

"Hapa bado iko kitu muhimu."

"Mama, mimi kazi yangu hii. Inatosha."

Akafunga vyombo vyake, akaenda kuweka maji ya chai jikoni.

Nikajaza fomu ya ubalozi peke yangu, kwa fahari, kwa mwandiko mzuri. Ilikuwa na Kiingereza na Kithai, lakini herufi zilikuwa ndogo na macho yake yalishaingia ukungu, kwa hiyo alinitegemea. Nikafika mahali palipouliza watoto. Mwanangu, nisikudanganye kwamba nilisahau. Kalamu ilisimama. Nikafikiri: hakunizaa, hakuna hati ya kunilea, jina langu halimo kwenye karatasi yoyote yake. Watatuuliza maswali, safari itachelewa. Nikaandika kwamba hana. Mwisho wa ukurasa palikuwa na nafasi ya aliyesaidia kujaza, hapo ndipo nilipoandika jina langu na namba yangu ya simu. Kisha nikanywa chai aliyonipikia.

Asubuhi ya miadi tulipanda teksi kwenda Pretoria, kwenye ubalozi wa nchi yake. Alivaa gauni la kijani alilolitunza kwa shughuli, na vile vyombo vya bati kavibeba mkononi, sijui kwa nini, nami nikaona haya kwamba watu watadhani tumekuja na ugali. Getini mlinzi alitutazama, yeye kisha mimi, akaniuliza kwa Kiingereza, "Wewe ni nani wake?"

"Namsaidia tu karatasi," nikamjibu.

Ilinitoka kirahisi sana. Nilitaka tupite haraka, sikutaka kueleza Tunduru na vito na baba kwa mtu wa getini. Mama Noi alikuwa kasimama hatua moja nyuma yangu. Kiingereza alikuwa hajui kukisema, lakini miaka kumi na zaidi ya Johannesburg alikuwa anakisikia vizuri. Alinipita tu akaingia.

Ndani alikuwako dada mmoja wa Kithai, mpole, aliyempokea mama kwa kuunganisha viganja na kuinama. Nikaona mgongo wa mama yangu unanyooka. Wakaongea lugha yao, wakacheka, na mimi nimekaa pembeni sielewi hata neno. Alinilea tangu sijamaliza shule ya msingi, nikala mchuzi wake miaka yote ile, na sikuwahi kujifunza hata kuhesabu mpaka kumi kwa lugha yake. Hilo nalo niliona aibu siku ile kwa mara ya kwanza.

Yule dada akaanza kumsomea fomu kwa sauti, kipengele kwa kipengele, na mama akiitikia kwa kichwa. Ghafla kichwa kikasimama. Akamwomba asome tena. Akasoma tena. Mama Noi akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayeuliza njia.

"Hamisi, mimi sina mtoto?"

"Eish, mama. Ni karatasi tu. Hatuna cheti."

Aliviweka vyombo vya bati juu ya kaunta, akafungua cha chini kabisa, akatoa karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ripoti yangu ya darasa la saba, kutoka shule ya msingi Tunduru. Mwalimu alikuwa ametaka sahihi ya mzazi, baba yuko machimboni, basi Mama Noi akasaini kwa maandishi ya kwao, yenye vijiduara. Nilipoirudisha shuleni darasa zima liliangua kicheko, mwalimu akainyanyua juu na kuuliza ni mdudu gani huyu kapita kwenye ripoti. Nikasimama nikasema, "Ni sahihi ya mama yangu, mwalimu." Nilipigana na wawili siku hiyo wakati wa mapumziko. Nilikuwa na miaka kumi na minne na kaptula imetoboka, na nilikuwa mtu kuliko yule wa kalamu mbili aliyekaa ubalozini.

Yule dada akaisoma sahihi, akatazama jina la mwanafunzi, akatazama jina la msaidizi kwenye fomu, kisha akanitazama mimi. Hakunisema vibaya. Laiti angenisema. Alinieleza kwa Kiingereza cha taratibu kwamba mahali pale pa watoto hawadai cheti chochote, wanauliza tu huyu mama ana nani. Akasema tunaweza kujaza fomu mpya, turudi wiki ijayo, haitaharibu kitu.

Na hapa ndipo ninapoinamisha uso, mwanangu. La kwanza nililifanya kwa mazoea ya kazi, labda ningesamehewa. Hili la pili nililifanya macho makavu. Nilikuwa na watu wananisubiri Malvern. Niliwaza kufunga meza siku nyingine nzima, teksi nyingine, geti lile tena. Nikasema, "Mama, tuiache hivi hivi. Wewe unajua, mimi najua. Karatasi haibadilishi kitu."

Akaikunja ripoti mara nne, akairudisha kwenye chombo cha chini.

"Watu dukani unawaambia karatasi ndiyo mtu," alisema. "Mimi nikikuletea chai nasikia kila siku."

Kisha akachukua kalamu, akasaini. Njia nzima ya kurudi alitazama nje, na alipofika nyumbani akanipikia kama kawaida. Ningependa kukwambia kwamba nilipiga magoti, nikaomba radhi. Nilikula, nikashukuru, nikarudi mezani kwangu.

Alisafiri mwezi wa Agosti. Uwanja wa ndege alinishika shavu, akasema, "Nenda, wateja wanangoja." Hakulisema kwa kejeli, ndivyo alivyokuwa. Tukawa tunapigiana simu kila Jumapili, ananieleza miti ya matunda na miguu iliyopata joto, na mara nyingi nilitaka kulisema lile neno nikaishia kuuliza hali ya hewa. Nilijiambia nitaenda kumwona na nitaliweka sawa uso kwa uso. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Mwaka wa 2014 simu yake ikawa haiiti. Jumapili ya kwanza nikasema ni mtandao, ya pili pia. Dada yake alikuwa ameshapoteza kumbukumbu, na mwingine simjui. Ya nane au ya tisa ilikuwa imepita niliposikia simu ya namba ngeni, mchana, duka limejaa. Alikuwa mpwa wake, binti wa yule dada yake mdogo, aliyekuwa akiishi mji mwingine na kurudi kufunga mambo ya nyumbani. Kiingereza chake kilikuwa kama changu.

"Wewe ndiye uliyemsaidia mama mkubwa karatasi?"

Nikasema ndiyo. Akanieleza kwa adabu kwamba Mama Noi alifariki, kwamba wamemchoma kwa desturi yao na majivu yameshawekwa hekaluni. Akasema kwao mtoto wa marehemu ndiye hutangulia na picha mbele ya jeneza, wakizunguka. Waliangalia kopi ya fomu aliyokwenda nayo, imeandikwa hana mtoto, kwa hiyo picha ikabebwa na jirani. Hakunipigia mimi kwa ajili ya msiba. Alinipigia kwa sababu alipokuwa akifungua vyombo vya bati alikuta katika cha chini karatasi ya shule ya lugha asiyoijua, yenye sahihi ya mama mkubwa wake, na jina ni lile lile la msaidizi.

"Naomba uniambie," akasema, "wewe ulikuwa nani wake?"

Duka zima lilikuwa likinitazama, mwanangu. Nikamwambia mimi ni mwanawe. Akaniuliza mbona sikuandika.

Swali hilo sijalijibu mpaka leo, na sikuelezi haya ili unihurumie. Nakueleza kwa sababu una fomu ya mama yako mkononi na bado haijagongwa muhuri. Usimjibie. Hata akisahau mwaka, mngoje, atakumbuka au atakwambia hakumbuki. Akitaka kukuonyesha kitu cha mwisho mkobani, acha akitoe, hata kama foleni imefika barabarani. Na pale wanapouliza ana nani, jiandike wewe kwanza, wazi, kabla hujaandika kingine. Mtu akikuuliza getini wewe ni nani wake, simama umjibu, hata kama itabidi uelezee kutwa nzima. Mengine nitakusaidia mimi, hiyo ndiyo kazi yangu.

Mwenyezi Mungu amfikishe mama yako kwao salama, mwanangu, amkute aliyebaki na ardhi yake ikiwa na amani. Akupe na wewe siku nyingi za kuitwa mtoto wake, na siku yake ikifika, uwe wewe wa kwanza kupigiwa simu. Amina. Mashine inafanya kazi. Njoo naye kesho, na kiti cha mbele atakaa yeye.