Mkaa wa Chumba cha Mama

Mimi ni mtu wa hesabu. Nafundisha darasa la sita hapa Butiama, na ukinikuta nyumbani jioni nitakuambia gunia la mkaa limeingia siku gani na limebaki kiasi gani, bila kwenda kulichungulia. Kwa hiyo usinishangae nikisema kwamba ugomvi mkubwa wa ndoa yangu haukuletwa na wanawake wa nje wala pombe. Uliletwa na mkaa.

Tunakaa kwenye mji wa wazazi wa mume wangu. Baba mkwe sikumkuta. Mama mkwe nilimkuta, na nilikaa naye miaka kumi na moja chini ya bati moja, chumba chake na chetu vikitenganishwa na ukuta wa tofali za kuchoma. Mama yule hakuwaga anawasha moto kwa kiberiti. Jioni anafukia makaa mawili matatu kwenye majivu ya jiko lake la mafiga, asubuhi anayafukua, anapuliza, moto huo umewaka. Aliniambia moto ule aliukuta kwa mama mkwe wake siku alipoolewa, na haujawahi kuzimika. Mimi nikamwambia mama, kuni za kulisha moto ambao hakuna anayeupikia ni hasara tupu. Hakukasirika. Siku niliponunua mtungi wa gesi kwa mshahara wangu aliuzunguka, akaugonga kwa kidole, akauliza ukiisha usiku naenda kumwomba nani kaa la moto.

Alifariki mwaka jana, masika ndiyo yanaanza.

Siku ya kwanza ya msiba shangazi wa mume wangu, yaani dada wa marehemu baba mkwe, alikuja na kusimamia kila kitu. Alichota makaa kwenye mafiga ya marehemu kwa kigae cha chungu, akayapeleka uwanjani, na hapo ndipo ukawashwa moto wa msiba ambao wanaume walikaa wakiuota. Akatuambia sote, na mimi nikiwepo nimeshika ndoo, kwamba moto ule unatoka kwa mwenyewe, hauwashwi kwa kiberiti na hauzimwi kwa maji. Siku ya kuanua matanga utaachwa bila kuongezewa kuni, ufe wenyewe. Nilisikia vizuri kabisa. Sina kisingizio.

Lakini jamani, nilikuwa nimechoka. Siku tatu napika kwa ajili ya watu ambao nusu yao siwajui. Mikokoteni mitatu ya kuni ilishaishia kwenye ule moto, na asubuhi ya siku ya tatu mume wangu akaniambia ameagiza wa nne. Nikamuuliza wa nne wa nini, mvua yenyewe inanyesha, watu wamebaki kumi. Akaenda zake na wanaume wenzake kuoga. Uwanja ukabaki mtupu. Mimi nimesimama pale na beseni la maji niliyooshea vyombo, na moto unawaka peke yake, haupikii mtu, haumpi mtu joto. Hasira ikanipanda hadi kwenye masikio. Nikayamwaga yale maji yote.

Moto ulilia. Siyo kile kimlio cha kawaida cha kaa likiingia maji. Ulivuta sauti ndefu, ukanyamaza, halafu ukatoa pumzi kama mtu anayemaliza kukohoa. Nikaogopa. Nikakimbilia jikoni kwenye mafiga ya mama nichote makaa mengine, nikakuta majivu yamepoa. Katika shughuli za msiba hakuna aliyekumbuka kufukia. Basi nikachukua kiberiti changu cha gesi na kikombe cha mafuta ya taa, nikawasha upya. Wanaume waliporudi walikuta moto unawaka, wakavuta viti, wakakaa. Sikusema kitu kwa mtu yeyote.

Wiki mbili baada ya matanga mume wangu alirudi kutoka Bunda, anakofanya kazi ya stoo kwenye kiwanda cha pamba, amefunga gunia la mkaa nyuma ya pikipiki. Akalitua. Akachukua jiko dogo la mkaa, akaliwasha nje, lilipokolea akaliingiza kwenye chumba cha mama. Nikadhani anataka kukausha ukuta, maana masika yale ukungu ulikuwa umepanda mpaka nusu. Kesho yake akafanya hivyo tena. Na kesho kutwa.

Nikamuuliza. Akasema anasikia baridi. Nikamwambia Butiama kuna baridi kidogo masika, sikatai, siyo Musoma, lakini blanketi lipo, sweta lipo, na mimi nipo. Akasema baridi ya kwenye mifupa haisikii sweta. Akawa anakaa mle kila jioni tangu arudi mpaka wakati wa kula, kwenye kitanda cha mama, jiko mbele yake, dirisha wazi nusu. Nikiingia namkuta shati limemlowa jasho mgongoni. Mtu anasikia baridi na jasho linamtiririka! Sikuelewa, na kitu nisichokielewa huwa nakigombania.

Ndipo tukaanza. Gunia lililokuwaga linatupeleka mwezi na nusu likawa linaisha kwa wiki mbili. Nilimpigia hesabu kwenye daftari, nikamwonyesha ada ya watoto wawili walioko bwenini, nikamwonyesha kwamba kama ni joto tu, hata hita ya umeme ingekuwa nafuu. Nilimwambia maneno mengine pia ambayo sitayaandika. Lililomuuma zaidi najua ni lipi, maana aliweka kijiko chini.

"Chumba hakina mtu," nilimwambia. "Tunampashia nani joto?"

Alinawa, akarudi kulekule.

Nikaamua kufanya kwa vitendo. Asubuhi yeye anaondoka saa kumi na mbili, mimi saa moja kasoro. Katika dakika zile nilikuwa naingia chumba cha mama, najiminya pua kwa sababu ya harufu ya ugoro wa marehemu ambayo haikutoka na dawa yoyote, nalichukua jiko na makaa yaliyobaki, nalimwagia maji uani, nalirudisha mahali pake likidondosha matone. Makaa yaliyolowa nayaacha humohumo ayaone. Halafu naenda kufundisha.

Saa tisa na nusu nikirudi, nakuta jiko linawaka.

Siyo moto mkubwa. Makaa manne matano mekundu, yamefunikwa majivu vizuri, na kigoda cha mama kimesogezwa karibu. Mara ya kwanza nilicheka kwa hasira. Nikasema, mwanamume huyu anapanda pikipiki kutoka Bunda mchana, anakuja kuwasha mkaa, anarudi kazini, na mafuta ya pikipiki nayo nani analipa. Jioni nikamrushia maneno: jiko lako limeshawaka, nenda ukaote. Akanitazama kwa namna ya ajabu, kama mtu aliyepewa zawadi na hajui aseme nini, akasema tu, "Asante, mwalimu." Mwalimu ndilo jina analoniitia tangu tuchumbiane. Nikaona ananikejeli. Nikalala nimempa mgongo.

Tuliendelea hivyo wiki tano. Mimi nazima asubuhi, nakuta kumewaka alasiri. Nikaanza kufunga mlango wa chumba kile kwa kufuli na kuondoka na ufunguo kwenye mkoba. Haikusaidia. Nikajisemea ana ufunguo wa pili. Nikiegemea ukuta wa chumba chetu nikisahihisha madaftari, tofali zilikuwa za moto mgongoni, sehemu moja tu, usawa wa kichwa cha kitanda cha mama. Nikahamisha kiti. Sikuwa na raha tena ndani ya nyumba yangu, na kila nilipotaka kumweleza mtu nilikumbuka lile beseni, nikanyamaza.

Jumamosi moja nilikwenda Musoma kununua sare za watoto. Mume wangu alibaki, ana homa kidogo, kwa hiyo siku hiyo sikufunga kufuli. Mvua kubwa ilinyesha tangu asubuhi, ya upepo. Niliporudi saa nane mchana nikaita hodi kwangu mwenyewe, kimya. Pikipiki ipo barazani. Mlango wa chumba cha mama umefungwa, na chini ya mlango kumezibwa na khanga, ile nyeusi ya msibani. Nikausukuma kwa bega.

Alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha mama. Dirisha amelifunga kwa sababu ya mvua, na jiko limejaa mkaa. Mashavu yalikuwa mekundu, ya afya, na ndiyo yaliyonitisha, kwa sababu alikuwa hajibu. Kigoda kilikuwa pembeni ya kitanda kimemwelekea. Sikumbuki nilipata wapi nguvu. Nilimshika kwapani, nikamburuta mpaka barazani, visigino vikigonga vizingiti, nikamwacha mvua impige usoni, nikapiga kelele mpaka jirani akaja na bajaji. Njia nzima nilikuwa namwambia asinifanyie hivyo. Kichwani kulikuwa na sentensi moja tu: nimemuua kwa ajili ya beseni la maji.

Hospitali walimwekea hewa. Daktari aliniambia moshi wa mkaa usioonekana ndio uliompata, kwamba ningechelewa nusu saa ningekuta mengine, na akanigombeza kama mtoto. Nilikubali yote. Jioni mume wangu alitapika, akafungua macho, akaulizia kama jiko limezimika.

Hapo nikalia. Nikamwambia kila kitu pale kitandani, beseni, kiberiti, mafuta ya taa. Nilimwambia najua mama ananidai moto wake.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Najua," akasema. "Siku ileile nilikuta majivu yamelowa pembeni. Na yalikuwa yananuka mafuta ya taa. Wazee wangejua, wangekurudisha kwenu. Nikasema moto wa mama niulipe mimi kimyakimya, mpaka ufike mwaka."

"Kwa hiyo baridi je?"

"Baridi gani? Nilikuwa nakufa kwa joto, mwalimu."

Miezi yote ile nilimtukana kwa mkaa aliokuwa ananichomea mimi. Nilishika mkono wake na sikuweza kumtazama. Nikamwambia basi na mimi sikumwelewa, namzimia asubuhi, anatoka Bunda kuja kuwasha tena. Mume wangu akakunja uso.

"Mimi sijawahi kurudi mchana hata siku moja," akasema. "Si ulikuwa unauwasha wewe? Nilijua umetubu, ndiyo maana nikakushukuru."

Muuguzi akapita, akauliza kama tunahitaji blanketi. Tukasema hapana.

Kesho yake alasiri tuliruhusiwa. Shangazi alikuwa ameshafika nyumbani, maana habari hapa zinatembea. Nikampigia magoti, shikamoo shangazi, na kabla sijainuka nikamweleza. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono. Akauliza jiko liko wapi. Nikasema chumbani, tangu jana halijaguswa. Akaingia, akatoka nalo. Lilikuwa linawaka. Tangu jana mchana, bila mtu, bila kuongezewa hata kaa moja.

"Mke wetu," akasema, "hakuna anayekudai. Moto huu unatafuta kufa vizuri, na nyinyi wawili, mmoja anaumwagia maji, mwingine anaulisha."

Akayamwaga makaa uwanjani, palepale palipokuwa na moto wa msiba, akatuamuru tukae, tusiongeze na tusizime. Tukakaa kwenye mkeka, mimi na mume wangu, shangazi kwenye kigoda cha mama. Manyunyu yalipita na makaa hayakutoa mlio. Moja likawa jeusi, halafu la pili. Nilijua ninachokitazama: moto uliotoka kwa mama mkwe wa mama mkwe wangu, ambao ulitakiwa upite kwangu uende kwa mke wa mwanangu, unaishia hapa. Niliumia kuliko nilivyoumia siku ya mazishi, na hilo nalisema kwa aibu. Jua lilipokuwa linataka kuzama shangazi alitia kidole kwenye majivu, akakiacha humo muda, akakitoa.

"Amekwenda," akasema, akasimama kutafuta viatu vyake.

Mume wangu alibaki amejikunyata kwenye mkeka. Nikaishika mikono yake, na kwa mara ya kwanza tangu mama afariki ilikuwa ya baridi kwelikweli, mpaka kwenye kucha.

"Mwalimu," akasema, "nasikia baridi."

Nikamfunika khanga yangu, nikaingia ndani. Nikajaza birika la umeme mpaka juu, nikaliwasha, na hita ya maji ya kuoga nikaichomeka kwenye ndoo palepale pembeni. Mita ilianza kulia kwamba yuniti zinaisha. Nikaiacha ilie.