Vigae vya Baba Mkwe

Huko Kanyosha, sehemu ya juu ambako mihogo inazidi nyumba, Daphrose aliishi katika kijumba cha vyumba viwili alichojenga baba mkwe wake enzi za Wabelgiji. Kuta zilikuwa za matofali mabichi, nene hivi kwamba paka alijinyoosha dirishani akalala. Mlango ulikuwa mfupi, maana mzee alijipimia mwenyewe, naye hakujaliwa urefu. Juu kulikuwa na vigae vyekundu vya udongo wa bondeni, na uzito wake usiulize.

Daphrose hakuvipenda. Vilivuja. Jirani yake Dorothée alikuwa na mabati yanayong'aa, na mvua ikinyesha yalipiga kelele za kitajiri. Basi kila masika Daphrose alimkaba mumewe, Révérien.

"Baba Gélase, mabati lini?"

"Nyumba ya baba yangu haivai bati!" Kisha, kifua mbele, alitoa hotuba ndefu juu ya ufundi wa wazee.

Vita vilipopanda kilimani wakakimbilia mtaa wa Bwiza, mjini, wakabanana chumbani kwa binamu. Habari zikawafuata huko: nyumba za Kanyosha zinavuliwa mapaa. Daphrose akakosa usingizi. Bila kile kijumba hawakuwa na pa kurudi.

Bunduki ziliponyamaza walirudi. Kwa Dorothée zilibaki kuta tupu. Mtaa mzima mabati yalikuwa yamebebwa. Kwao mlango uling'olewa, sufuria hata moja haikubaki, lakini vigae vilikuwa palepale. Mwizi gani atakimbia na vigae? Daphrose alicheka mpaka akakaa chini. Jioni ile Dorothée na wanawe walihamia kwao, wote wakalala pua kwa pua.

"Baba Gélase," Daphrose akasema, "ulikuwa na haki. Ungenisikia mi, leo tungelala inje."

Révérien hakujivuna hata kidogo. "Apana, usinisifu. Haikukuwa akili. Sikukuwa na franga."

"Najua. Nani anafula mapantalo yako? Mifuko mitupu miaka yote."

"Sasa kwa nini uliniuliza kila mwaka?"

Daphrose aliona haya, lakini alijibu.

"Mwaka wa kwanza nilitaka mabati kweli. Kisha nikapenda vile unakataa. We unakataa kama mutu mwenye nazo."

Dorothée akageukia ukutani, akajifanya amelala.