Zamu ya Alhamisi

Nilipomaliza chuo, serikali ilikuwa imeacha kutupangia kazi. Waliotutangulia walisubiri tu barua ya kupangiwa kituo. Sisi tuliambiwa ni ruksa, kila mtu ajitafutie. Nikarudi mjini, Makole, kwa shangazi na kukaa zaidi ya mwaka nikiandika barua za maombi, nyingine nikizisoma mara nyingi hadi naogopa kuzituma.

Aliyenipa nafasi ni mfanyabiashara wa mtaa wetu, mwenye nyumba ya wageni na gari kuukuu la mnada. Alikuwa amesikia kwamba Wazungu husafiri mbali kwenda kuangalia ndege. Upande wa Bahi kulikuwa na bwawa la kumwagilia mpunga, na masika yakiisha, ndege kama mwari na nyangenyange hujaa pale. Akanituma Jumatatu nikaandae mahali. Wageni wanne wangefika Ijumaa. Wakipapenda, mimi ndiye ningekuwa mtembezaji wao. Wasipopapenda, hakusema, nami nikamalizia mwenyewe kichwani kila siku.

Nilifikia kwa mama mmoja mjane ambaye shangazi hununua mchele kwake. Alinilisha ugali wa uwele na mlenda, akaniachia kitanda chake, yeye akalala jikoni. Alikuwa na majaruba mawili, na mpunga wake ndiyo kwanza ulianza kuchanua. Alinieleza kwamba hapo ndipo hautaki mchezo: ukikosa maji wakati wa kuchanua, unatoa suke zuri lisilo na kitu ndani. Zamu yake ya maji ilikuwa Alhamisi. Nilisikiliza huku nikiwaza viti vya wageni.

Kilichonitia hofu ni ukingo wa bwawa. Kila lango lilipofunguliwa kupeleka maji mashambani, maji ya bwawani yalirudi nyuma na kuacha tope. Niliona kabisa wageni wakisimama kwenye tope, wakitazamana, wakiniangalia mimi. Jumanne nikaenda kwa mzee mwenye ufunguo wa lango, nikamwamkia, nikamwonyesha barua ya tajiri wangu yenye muhuri mkubwa wa nyumba ya wageni. Nikamwomba afunge Jumatano na Alhamisi.

Aliigeuzageuza ile barua. Aliuliza kama ni kweli watu wanapanda ndege kuja kuangalia maji, kwani kwao hayapo? Kina mama waliokuwa wakifua pale karibu wakacheka, mmoja akasema afadhali wageni hao waje na majembe. Kisha mzee akaacha kucheka.

“Ni amri ya mradi wa maji hii?”

“Natoka mjini, mzee,” nilisema.

Ni kweli nilitoka mjini. Akaikunja barua kwa heshima, na Jumatano akafunga lango.

Mimi huwaza kila kitu, lakini jambo moja sikuliwaza. Nilidhani maji yakisimama siku mbili, zamu za wote zitasogea siku mbili. Alhamisi nilikuwa juu ya tuta nikifyeka majani, nikamwona mama wa watu, mwenyeji wangu, kando ya mfereji mkavu, jembe begani. Alikuwa pale tangu alfajiri. Mchana nikamwuliza mzee kama kesho ataanza na yeye.

“Kesho ni ya watu wa mfereji wa chini,” alisema. “Zamu haisogei, msomi. Ikipita imepita. Tuliwahi kuisogeza, watu wakakatana kwa majembe.”

“Yeye atapata lini?”

“Wiki mbili.”

Nikauliza kama amelalamika. Akasema atalalamikaje, amri ni amri.

Ulikuwa mchana bado. Ningesema haikuwa amri, lango lingefunguliwa, na maji yangefika kwenye majaruba yake kabla ya jioni. Niliipanga sentensi hiyo. Nikaona inanifanya mwongo, nikaipanga upya. Nikawaza mzee atakavyokasirika, habari itakavyomfikia tajiri, na barua za maombi zinazonisubiri Makole. Nilipoinua kichwa, jua lilikuwa limezama na mzee ameshakwenda zake na ufunguo.

Wageni walifika Ijumaa. Ndege wote walikuwa ng'ambo, wamesimama kwenye tope, na huko ndiko wageni walikotaka kwenda. Walikaa muda mfupi, wakapiga picha, wakasema ni pazuri. Ukingo niliouhangaikia hakuna aliyeutazama. Nikapata kazi.

Wakati wa kuvuna nilipeleka wageni wengine, nikawaacha na darubini zao nikaenda kwake. Alikuwa akipepeta uani, bwawa likionekana kutoka pale. Kila alipoinua ungo, upepo uliondoka na karibu vyote vilivyokuwamo. Mapepe matupu. Kilichobaki mkekani kingeenea kwenye kofia.

Nikamwamkia, nikasema pole. Akaitikia, akaniagizia kiti, akaniuliza hali ya shangazi. Kisha akaniuliza, bila kejeli yoyote niliyoweza kuisikia, nami niliitafuta sana:

“Wageni wako wa siku ile, mwanangu, maji waliyaona?”

“Waliyaona, mama.”

“Basi vizuri,” alisema, akachota tena.

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo, lakini ng'ambo ya bwawa mgeni mmoja alikuwa akinipungia mkono, akimnyooshea kidole ndege aliyetaka kujua jina lake. Nikasimama, nikamuaga mama, nikaenda kumjibu mgeni.