King'ora cha Clairwood na Miguu Yangu

Mnicheke tu, nimestahili. Mimi ni mama wa usafi katika kiwanda kimoja cha ving'ora, mtaa wa Clairwood, Durban. Juzi walikuja wageni wapenda ving'ora, watu wazima kabisa, wamesafiri mbali kuja kusikiliza makelele. Nilikuwa nawapelekea chai fundi alipowasha king'ora kimoja. Sasa, kwetu Lubumbashi filimbi ya kupandisha bendera ikilia, kila mpita njia anasimama wima. Miaka tisa niko huku, kumbe miguu yangu haijahama. Kusikia mlio ule tu, nikaganda na sinia mkononi, kidevu juu. Wageni wakadhani ndiyo kanuni ya pale, nao wakaganda.

Kelele ilipokwisha, bosi akaniuliza, “Eish, mama, mnasubiri nini?”

“Bendera ipande, bosi.”

Sote tukatazama juu. Palikuwa na paa la bati tu.